Siku Niliyofukuza Nyuki

Alhamisi. Voi. Jua limepiga tangu asubuhi mpaka mabati yanalia, na upepo unaingiza vumbi hata kwa sufuria iliyofunikwa. Sasa ni saa kumi na nusu. Nimeshuka kutoka Wundanyi saa nane. Kule juu kulikuwa na ukungu, nilivaa jaketi. Hapa nimevua hata shati, na bado natetemeka.

Naogopa. Nimeanza na hilo neno kwa sababu nikianza na lingine nitazunguka, na mimi nimezunguka miaka kumi na tisa.

Pikipiki imepita hapo nje sasa hivi na nimeinuka kwa kiti. Nilidhani ni polisi. Kumbe ni mtu wa maji na mitungi yake.

Hii blogu niliifungua kwa sababu ya bendi yetu. Vijana wa siku hizi wa Voi hawaamini kwamba hapa, kwa hili joto, kulitoka bendi ya roki ambayo redio za Nairobi zilikuwa zinapiga nyimbo zake asubuhi na jioni. Tulikuwa Vumbi Jekundu. Mghendi aliimba na kupiga gitaa. Mutua alikuwa kwa ngoma. Mimi nilipiga besi, na kwa sababu nilikuwa nimesomea umeme politekniki, mimi pia ndiye nilikuwa fundi wa vyombo. Tulikuwa watatu tu. Watu wakiona video za zamani wanauliza wengine walikuwa wapi, maana kelele ilikuwa ya watu kumi.

Nimeshaandika hapa jinsi tulivyoanza. Mimi mtoto wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yangu alikuja na reli kutoka Bungoma na akasahau kurudi. Mutua mtoto wa mkata makonge, alijifunza kupiga ngoma kwa mapipa matupu ya grisi kwa stoo ya shamba. Mghendi kijana wa milimani aliyeacha chuo cha ualimu muhula wa pili, akashuka Voi na gitaa moja na suruali mbili. Nimeandika siku tuliyopiga Moshi mvua ikinyesha na hakuna mtu aliyeondoka. Nimeandika kuhusu "Treni Haisimami", wimbo uliotutoa, na jinsi Mghendi alivyouandika kwa karatasi ya kufungia nyama. Mliosoma mlifurahi. Mliniandikia.

Na kila mara kuna mtu anauliza: huyu mwimbaji alikufa vipi hasa?

Na kila mara mimi najibu, ni stima, umeme ulimpiga. Mara moja, Mungu anisamehe, nilijibu hivi: "Ni stima, lakini watu wa milimani wana mambo yao." Nikaweka nukta tatu mwisho. Nikaenda kula.

Hizo nukta tatu ndizo nataka kueleza leo.

Kwanza nieleze neno moja, kwa wale wasio wa huku. Wataita wanasema kutasa. Siku hizi kanisani kutasa ni kuomba, basi. Lakini kutasa ya zamani ni kitu kingine. Mtu akiwa na hasira moyoni juu ya mwenzake, anachukua funda la maji, au pombe ya miwa kwa wale wazee wa kale, anayapuliza nje kwa mdomo, na anasema hasira imetoka, amani ikae. Wanasema hasira ya mzazi haingoji ruhusa ya mwenyewe. Hata kama hataki, inaweza kumfikia mtoto ikamdhuru. Kwa hivyo inatolewa mapema. Na sharti ni moja: usipulize maji na hasira bado iko ndani. Ukidanganya, maji yanarudi kwako.

Mghendi alikuwa na kitu chake jukwaani. Kabla ya wimbo wa mwisho anajaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya vichwa vya watu wa mbele, taa zikiwaka yanakuwa kama ukungu wa kwao, halafu anasema maneno mawili matatu ya babu yake kwa Kidawida, lugha ya Wataita. Nairobi walidhani ni vituko vya roki. Walipiga mayowe, wengine walifungua midomo wanyeshewe. Alipofanya hivyo mara ya kwanza hapa Voi, vijana walishangilia. Watu wazima hawakushangilia. Mzee mmoja alichukua kofia yake akaenda nyumbani.

Mimi nilicheka. Mimi si Mtaita, nilijiambia, haya mambo hayanihusu.

Basi siku yenyewe. Ilikuwa alasiri, uwanjani, hapa hapa Voi. Tulikuwa tumerudi nyumbani baada ya Nairobi na watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Tulianza kuweka vyombo saa sita, na ile ampu ya gitaa ya Mghendi, sanduku la kukuza sauti, ilikuwa inanguruma. Fundi yeyote anajua hiyo sauti. Mmmmm, haikatiki, hata kama gitaa limenyamaza. Sisi tulikuwa tunaita nyuki.

Nilitafuta tangu saa sita hadi saa tisa. Nilibadilisha nyaya, nikahamisha soketi, nikafungua, nikafunga. Nyuki wako pale pale. Jua linanichoma kisogo. Na Mghendi siku hiyo alikuwa amechemka, alikuwa hajaongea na mamake tangu Krismasi na kila kitu kilimuudhi. Akashika maiki, watu wote wakisikia, akasema, "Jameni, mtusamehe. Fundi wetu amesoma politekniki miaka miwili lakini hawezi kufukuza nyuki. Kama kuna mrina asali hapo, apande."

Uwanja mzima ulicheka. Msichana niliyekuwa namtaka alikuwa mbele. Alicheka pia.

Nilijua dawa ya nyuki. Kila fundi anajua, na kila fundi aliyefundishwa vizuri anajua haifai. Ndani ya plagi kuna waya tatu. Ile ya kijani yenye mstari wa njano haileti stima. Kazi yake ni kungoja tu, siku chombo kikivuja, ipeleke stima ardhini badala ya kwa mtu. Ukiichomoa, mara nyingi nyuki wananyamaza. Mwalimu wetu alikuwa anapiga meza akisema, afadhali nyuki elfu kuliko maiti mmoja.

Nilichuchumaa nyuma ya ampu. Nilifungua plagi kwa bisibisi. Nikalegeza ile skrubu, nikachomoa ile waya, nikaikunja kando, nikafunga.

Nyuki wakanyamaza.

Nilisimama nikainua mikono kama mtu aliyefunga bao. Watu wakapiga makofi. Mghendi akasema kwa maiki, "Haya, mrina asali amepatikana." Na mimi nilikuwa na furaha. Hilo linaniogopesha hata leo, ile furaha. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa na furaha, na mahali fulani kichwani nilisikia mwalimu akipiga meza, na nikasema, ni masaa mawili tu, nitairudisha jioni.

Ile ampu ilikuwa imezeeka. Ilikuwa inavuja stima. Sikuipima.

Tulipiga nyimbo zote vizuri. Kabla ya wimbo wa mwisho Mghendi akajaza maji mdomoni, akayapuliza, akasema maneno yake. Kidevu kilikuwa kinadondoka maji. Mkono wa kushoto ukiwa kwa nyuzi za gitaa, akasogeza midomo kwa maiki aanze.

Sitaandika zaidi ya hapo. Alianguka na gitaa.

Lakini kilichofuata lazima nikiandike. Mutua aliruka ngoma, akapiga gitaa teke likatoka. Watu walimbeba Mghendi wakampeleka kwa pikapu iliyokuwa langoni. Mutua alikimbia nyuma ya hiyo pikapu bila viatu. Mimi nilisema, "Nendeni, mimi nabaki na vyombo." Wote waliona ni sawa, mtu lazima abaki na vyombo. Nilikuwa bado sijui kama amekufa au yu hai. Nilizima swichi kubwa, nikachuchumaa nyuma ya ampu, nikafungua plagi, nikarudisha ile waya ya kijani mahali pake, nikakaza skrubu.

Wengine walimbeba rafiki yangu. Mimi nilibaki na bisibisi.

Polisi walikuja na fundi wa stima. Alifungua plagi, akaangalia, akasema kila kitu kiko sawa. Akasema labda ni maji aliyopuliza. Na hapo ndipo hadithi ilipozaliwa. Maji aliyopuliza. Kufika kesho yake mji mzima ulikuwa na maelezo: kijana alichezea kutasa, alipuliza maji na hasira moyoni, maji yakamrudia.

Matanga yalikuwa kwao, juu ya Wundanyi. Mjomba wake alinivuta kando nyuma ya zizi, akaniuliza kwa upole, "Wewe umekula naye sufuria moja. Kijana wetu alikuwa na shida na mamake?"

Ningesema sijui. Ningesema hiyo si kitu. Nilisema, "Hawakuwa wakiongea tangu Krismasi. Mama alimwambia hatatasa tena kwa ajili yake."

Ilikuwa kweli. Mghendi mwenyewe aliniambia, Krismasi ile aliposema chuoni harudi kabisa kabisa, na amechora tatuu mkononi, mamake alimwambia, "Sitatasa kwa ajili yako tena." Alisema kama mzazi aliyekasirika anavyosema. Wangepatana, wangengoja tu mpaka msimu wa mahindi mabichi, basi. Lakini mimi niliitoa hiyo siri nikaiweka kwa mkono wa mjomba, nikiangalia chini, kama mtu mwenye huruma. Na kutoka siku hiyo watu wakaacha kusema ni maji. Wakasema ni hasira ya mama.

Hakuna aliyemshtaki. Hawakumtusi. Waliendelea kumsalimia, kumpa kiti cha mbele kanisani. Lakini yeye alijua wanajua. Na mbaya zaidi, aliamini.

Miaka kumi na tisa Mama Mghendi ameamini kwamba ni yeye aliyemuua mtoto wake. Mimi nimekuwa nikipanda kwake kila Krismasi na sukari na majani chai, nakaa sebuleni kwake, nakula wali wake. Na unajua meza ya hiyo sebule ni nini? Ni ile ampu. Alikataa kuuza. Ameifunika kitambaa cha kufuma, juu ameweka picha ya Mghendi na maua ya plastiki. Tangu stima ifike kwao, kila nikiingia mlangoni naangalia kwanza kama plagi imechomekwa ukutani, halafu ndipo nasalimia.

Siku moja aliniona naangalia. Akasema, "Unamkumbuka, eh?" Nikasema ndiyo, Mama.

Sasa kwa nini leo.

Wiki mbili zilizopita kuna vijana wameweka mtandaoni video yetu ya zamani, ile ya maji, na watu elfu na kitu wameiangalia. Chini mtu ameandika, "Huyu mamake ndiye alimmaliza, uliza mtu yeyote Taita." Na mwingine: "Hata yule mpiga besi aliandika kwa blogu yake." Wameweka zile nukta zangu tatu.

Mjukuu wa Mama alimsomea. Hakuwa na nia mbaya, alidhani bibi atafurahi kumwona mtoto wake.

Jumanne Dada Mkamburi alinipigia simu. Huyu ni dada mkubwa wa Mghendi, ndiye anaishi na Mama. Akasema, "Wafula, Mama amezeeka na anataka kumaliza lile jambo lake. Anataka kutasa. Mghendi hayuko, kwa hivyo ameomba wewe usimame mahali pake. Anasema wewe ndiye uliyekuwa ndugu yake wa Voi. Njoo Alhamisi asubuhi, kabla hajakula."

Nilisema nitakuja. Nikazima simu.

Nilikuwa naogopa nini? Nimejiuliza siku mbili. Naogopa polisi, ndiyo. Naogopa kanisa, maana mimi ndiye naweka vyombo kila Jumapili na kwa matanga yote, na nani ataniruhusu kushika waya tena. Naogopa mke wangu. Ni yule msichana wa mbele, aliyecheka. Lakini zaidi niliogopa yale maji. Mimi, mtu wa Bungoma, mtu wa kanisa, niliogopa funda la maji la bibi mmoja. Angesimama mbele yangu atoe hasira ambayo si yake, mimi nikiwa nimesimama mahali pa mtu niliyemuua. Nimezaliwa hapa. Nimekunywa maji ya hapa maisha yangu yote. Siwezi kusema tena hayanihusu.

Jana mchana nilimpigia Mutua. Mutua alitupa fimbo zake za ngoma mtoni wiki ile ile ya matanga na kwenda Mata, upande wa Taveta. Analima ndizi na nyanya. Hana redio nyumbani. Tunaongea mara mbili kwa mwaka, habari za mvua tu.

Nikasema, "Mutua, kuna kitu nataka kukuambia."

Akasema, "Ni ya nyuki?"

Nikamuuliza, wewe ulijua?

"Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya ile ampu, Wafula. Nyuki waliisha mara moja, pap. Nyuki hawaishi hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukusema wewe?"

Halafu akasema kitu ambacho sikutarajia. Alisema, "Mimi nilikuwa nangoja useme, ndipo nirudie kupiga ngoma. Sasa hata mikono imeshakuwa ya jembe." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. Akaniambia niende nimwambie yule mama, na nisipoenda ataenda yeye, na yeye hajui kusema vizuri.

Leo asubuhi nilipanda.

Mama alikuwa ameshakaa nje, upande wa jua linapotoka, ingawa jua lenyewe halikuonekana kwa ukungu. Amekuwa mdogo. Alikuwa amevaa sweta mbili na kitambaa cha kanisa. Kibuyu cha maji kilikuwa chini karibu na mguu wake. Dada Mkamburi alikuwa amesimama mlangoni na leso mabegani.

Nilimsalimia Mama. Akaniangalia juu mpaka chini. "Umenona. Huko Voi mnakula nini na mvua hamna?"

"Tunakula joto, Mama."

Akacheka, meno mawili. Kisha akanionyesha kigoda. "Kaa hapo. Si kwa kiti, kiti ni cha wageni. Wewe leo si mgeni."

Nikakaa kwa kigoda. Kilikuwa kifupi, magoti yalinifika kifuani kama mtoto.

Alianza kuongea, kwa Kiswahili kwa sababu yangu. Alisema, "Mwanangu, mimi nilikukasirikia. Uliacha shule niliyouzia ng'ombe. Nilisema neno kwa kinywa hiki. Nilikuwa nangoja urudi nilitoe, ukachelewa. Likakufikia." Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma barua aliyoijua kwa moyo. "Leo nalitoa."

Akainua kibuyu. Akajaza mdomo maji. Mashavu yakavimba.

Nikasema, "Mama, ngoja."

Na hapo, nikimwangalia yule mama mashavu yake yamejaa, hawezi kunijibu, hawezi kuniuliza, hawezi kunifukuza, nikasema yote. Nyuki. Kile kicheko. Waya ya kijani. Furaha. Pikapu na bisibisi. Mjomba nyuma ya zizi. Sukari ya Krismasi. Nilisema haraka, sikumwangalia macho, niliangalia yale mashavu mawili. Nilikuwa nangoja ayapulize yale maji usoni mwangu. Niliomba ayapulize. Hata kama ni laana, iwe laana, iishe.

Nilimaliza. Kuku alipita kati yetu.

Mama alimeza.

Niliona maji yakishuka kwa koo lake, taratibu, kama dawa chungu. Kisha akafuta mdomo na upande wa mkono. Akasema, polepole sana:

"Kwa hivyo si mimi."

Nikasema, "Si wewe, Mama."

"Si mimi."

"Hapana, Mama. Ni mimi."

Hakuwa ananiuliza. Nadhani hata hakuwa ananiona. Alisema hivyo mara nyingine, kwa Kidawida, kuelekea ukungu.

Dada Mkamburi ndiye aliyenikumbuka. Alikuja mbio na leso ikaanguka. "Kila Krismasi! Kila Krismasi unakaa pale unakula wali wetu unajilamba vidole. Unamwambia wali ni mtamu. Toka hapa. Toka kabla sijaita vijana wa chini."

Nikaanza kuinuka. Mama akasema, "Mkamburi, mwache." Halafu kwangu, "Nionyeshe hiyo waya."

Tuliingia sebuleni. Mkamburi aliondoa picha na maua, akakunja kile kitambaa bila kuniangalia. Sikuwa na bisibisi. Nilifungua plagi na ncha ya kisu cha mboga, na kisu kikaniponyoka mara mbili. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu la ule uwanja. Bado. Na kichwa cha skrubu kimechubuka pale bisibisi yangu ilipoteleza siku ile, kwa haraka.

Nikamwonyesha. Mama akainama, akaigusa ile waya ya kijani na kidole kimoja.

"Kadogo hivi," akasema.

Sijui alikaa ameinama muda gani. Aliponyoosha mgongo, sura yake ilikuwa imebadilika, na hapo ndipo nilipomwogopa. Haikuwa sura ya mtu aliyefarijika. Alisema hivi, na nimeandika neno kwa neno nisisahau:

"Hasira niliyoandaa kutoa leo ilikuwa yangu na mtoto wangu. Hiyo nimeimeza, haina kazi tena. Yako ni mpya. Sijaijua bado, sijui ukubwa wake. Nikipuliza maji leo nitakuwa nadanganya, na wewe unajua maji ya uongo yanafanya nini. Rudi Jumamosi."

Nikamuuliza, kwa ujinga, "Na ikifika Jumamosi hasira bado iko?"

"Basi utarudi Jumamosi nyingine."

Mkamburi akasema, na polisi je? Mama akasema hayo ni yangu na serikali, yeye anaongea yake. Mkamburi akasema basi yeye ataongea na serikali. Nikasema ni haki yako, Dada. Alinitemea mate karibu na kiatu. Hiyo haikuwa kutasa.

Nikashuka.

Sasa niko hapa. Mkono umeandika mpaka unauma. Nimefikiri nifanye nini na haya maneno, kuyaacha kwa daftari au kuyaweka hapa. Nikiyaacha kwa daftari, kesho vijana wataendelea kusema mamake ndiye alimmaliza, na watamtaja mpiga besi kama shahidi. Mimi ndiye niliyeupanda uongo huo. Siwezi kuung'oa kwa siri.

Kwa hivyo nasema hapa, kwa ukurasa ule ule wenye nukta tatu. Mghendi hakuuawa na hasira ya mama yake. Hakuuawa na maji. Aliuawa na waya moja niliyoichomoa mimi, Wafula, mpiga besi, fundi, nikijua. Mlioweka hiyo video, futeni yale maneno. Na kama hamtafuta, andikeni jina langu mahali mmeandika mama.

Mke wangu anarudi kutoka sokoni saa kumi na mbili. Nitamwambia kabla hajafungua simu. Nimeshaweka maji ya chai, kama hiyo itasaidia kitu. Baada ya hapo nitaenda mwenyewe kituo cha polisi, sitangoja Mkamburi. Mutua ametuma ujumbe: anapanda basi kutoka Taveta kesho, twende naye juu Jumamosi kama polisi watanikubalia kwenda. Ameandika tu, "Nitakaa nyuma kama zamani."

Kesho ni Ijumaa, siku ya kawaida, sina shida nayo. Ninayoiogopa ni Jumamosi. Nitakaa kwa kile kigoda, magoti kifuani, na Mama atainua kibuyu, na mimi nitaangalia mashavu yake.

Sijui kama atapuliza au atameza.